Sweta la mama Weasley: niliyowaambia wafumaji wenzangu

Haya jamani habari zenu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kama hamjaniamkia. Na wale mlioleta nyuzi msione aibu kufuma huku naongea, mi mwenyewe nasikiliza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Nimeambiwa niongelee kufuma vitu vya kwenye hadithi tunazozipenda, na najua nusu yenu hapa mnangoja tu nitoe patani ya skafu ya Harry Potter halafu nikae chini. Skafu ipo, tulieni, tutaifikia. Ila mi leo nataka kuanza na masweta, kwasababu mle kwenye kile kitabu masweta yana kazi kubwa kuliko skafu na watu wengi wanayapita tu.

Kwa wale ambao hamjasoma, kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997, vipo saba, cha mwisho 2007. Mtoto yatima, huyo Harry, analelewa kwa mama yake mkubwa, hapendwi, analala kwenye kistoo chini ya ngazi, nguo zote anazovaa ni kuukuu za binamu yake ambaye ni mnene mara nne yake. Baadaye ndo anagundua kwamba ni mchawi na anaenda shule ya bweni ya wachawi. Basi hiyo inatosha, mengine mtasoma.

Sasa mwanzoni kabisa, kabla hata hajajua habari za uchawi, kuna sweta moja baya sana. La binamu yake, la kahawia lina vibonge vya nyuzi vya rangi ya chungwa. Mama mkubwa anamlazimisha avae, na kila akilivuta kichwani kwa mtoto sweta linazidi kuwa dogo, linapungua linapungua mpaka linabaki saizi ya mdoli, mwishowe mama mkubwa anaamua kwamba litakuwa limerudi kwenye kufua. Mi hapo hucheka kila nikisoma, kwasababu kwa mfumaji hicho kisingizio kina akili kabisa! Uzi wa manyoya ya kondoo una magamba madogo madogo ambayo huyaoni kwa macho, ukiutia maji ya moto na sabuni halafu ukausugua kwa nguvu magamba yanashikana na hayaachiani tena, sweta la baba linakuwa la mtoto wa chekechea na hakuna dua itakayolirudisha. Uzi mwingi tunaonunua huku kwetu ni akriliki, huo haurudi hivo, adui yake ni pasi, ukiupiga pasi ya moto unalala unang'aa na ndo basi tena. Kwaiyo mnaonunua nyuzi za mafungu zisizo na lebo, chomeni kipande kidogo kwa kiberiti muone, manyoya yananuka kama nywele zilizoungua na yanakuwa majivu, akriliki inayeyuka inabaki donge gumu. Fanyeni nje na si karibu na mapazia tafadhali.

Turudi. Sweta la pili ndo lenyewe. Krismasi ya kwanza shuleni huyu mtoto hategemei zawadi yoyote, anaamka anakuta kifurushi, ndani kuna sweta zito la kijani lililofumwa kwa mkono na pipi laini za kutengeneza nyumbani. Limetoka kwa mama wa rafiki yake Ron, mama Weasley, mama mwenye watoto 7 na hela ya mawazo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amemwona huyu Harry mara moja tu, stesheni ya treni, wakati mtoto hajui njia. Ron alimwambia mama yake kwamba mwenzangu hategemei kupata kitu, yule mama hakuuliza mara mbili, akashika sindano.

Mapacha wa ile familia, Fred na George, masweta yao yana herufi, F na G, na kaka yao Percy ana P. Wale mapacha wanatania kwamba mama anadhani tutasahau majina yetu, kumbe sisi tunajua fika tunaitwa Gred na Forge. Halafu sikilizeni hii, kwenye kitabu Ron sweta lake halina herufi, na la Harry hakuna palipoandikwa kwamba lina herufi. Ile H na ile R mnazoziona kila mahali ni za muvi ya 2001. Sisemi ni vibaya, herufi inapendeza na ni rahisi kwa mtu anayeanza, nasema tu ujue unachofuma kimetoka wapi.

Na hapa ndo nilipotaka kufika. Ukifuatilia vitabu vinavyofuata, huyu mama kila mwaka anamfumia Harry sweta, na kila mwaka linabadilika. Kitabu cha tatu ni jekundu lina simba, ndo alama ya bweni lake. Kitabu cha nne ni la kijani lina picha ya joka, na lile joka lina sababu, mwezi mmoja tu nyuma mtoto alikuwa kwenye mashindano kakimbizana na joka la kweli, na Harry mwenyewe anahisi ni Charlie, yule kaka mkubwa anayefanya kazi na majoka, ndo aliyempelekea mama habari. Kitabu cha sita lina ule mpira mdogo wa dhahabu wenye mabawa wa mchezo wao wa kichawi, na mwaka huo ndo mtoto kawa kapteni wa timu. Mnaona? Yule mama anafuma habari za mtoto za mwaka ule. Anauliza, anasikiliza, anaambiwa na huyu na yule, halafu anaziweka kifuani kwa mtoto. (Ni kweli ana uchawi wa kuzifanya sindano zifume zenyewe, na mi ningekuwa nao ningefuma hata mashuka, ila uchawi haukwambii ufume nini.)

Kwaiyo ushauri wangu kwa mtu anayetaka kufuma kitu cha kwenye hii hadithi ni huo, chukua tabia ya yule mama kabla hujachukua rangi na herufi.

Nitoe mfano. Mtoto wa dada yangu yupo shule ya bweni Njombe, na Njombe mnaijua, baridi la Juni na Julai kule halina utani na kisweta cha sare hakitoshi. Amesoma hivi vitabu vyote, akaniomba sweta lenye H. Nikamuuliza we unaitwa H? Akacheka. Nikamuuliza mwaka huu umefanya nini shuleni, akaanza kwa kunitajia namba aliyoshika darasani nikamwambia hiyo mwambie baba yako, mi niambie kingine. Ndo akasema amekabidhiwa sungura wa shule, yeye ndo anawakatia majani, yeye ndo anafungua banda asubuhi, na mmoja kazaa. Alivyoongelea wale sungura niliona kabisa sweta limeshapatikana. Likawa la kijani, kifuani sungura mweupe, masikio yamesimama.

Sasa tuingie kwenye ufundi kwasababu hapa wengi ndo mnakwama. Picha ya kufuma tunachora kwenye daftari la hesabu lile la maboksi, boksi moja ni kitanzi kimoja, si ndio? Shida ni kwamba boksi la daftari lina pande sawa na kitanzi hakina. Kitanzi cha kufuma kwa sindano mbili ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Kwa uzi ule wa kati ambao wengi tunaotumia, sentimita 10 kwa upana unapata vitanzi kama 22, lakini sentimita 10 kwa urefu unapata mistari kama 30. Piga hesabu basi, ukichora sungura wa maboksi 30 kwa 30 atatoka na upana wa karibu sentimita 14 na urefu wa sentimita 10, yaani anakuwa bapa, masikio mafupi, mtu akiliona anasema huyu panya au nguruwe. Ukitaka abaki na umbo lake unamchora kwa mistari 41 hivi badala ya 30. Na hizo namba 22 na 30 ni za mkono wangu, wewe unayekaza uzi utapata zako, kwaiyo fuma kipande kwanza, upana wa kiganja na zaidi, ukifue, kikauke, ndo upime kwa futi kamba. Najua hamfumi vipande vya kupimia, najua, naonaga masweta yanavyotoka.

La pili, picha sikuifuma pamoja na sweta. Nilifuma kifua chote cha kijani kitupu, halafu sungura nikamdarizi juu. Hii njia nawapigia debe kila siku. Angalieni sweta lolote kwa karibu, kila kitanzi upande wa mbele kinaonekana kama V. Unachukua sindano ya kushonea butu yenye tundu kubwa, unatunga uzi mweupe wa unene uleule, unatokeza pale chini kabisa kwenye ncha ya V, unapanda, unapitisha sindano kwa nyuma ya miguu miwili ya ile V ya mstari wa juu yake, unashuka, unaingia palepale ulipotokea. Basi, kitanzi cha kijani kimefunikwa na cheupe na ukivuta taratibu bila kukaza mtu hawezi kujua kwamba kimeongezwa baadaye. Ukikaza tu kijani kinachungulia pembeni na picha inavuta sweta linakunjamana. Anzia mstari wa chini wa picha uende juu, upande huu mpaka ule, na usiruke vitanzi vingi kwa nyuma maana mtoto akipitisha mkono vidole vinanasa kwenye nyuzi.

Na raha yake kubwa ni kwamba picha ya kudarizi inafumuka. Mwakani mtoto akiwa kaacha sungura kaingia kwaya, unakata uzi mweupe kwa nyuma, unauchomoa, sweta limebaki la kijani vilevile unaweka habari mpya. Sweta unalifuma kubwa kidogo, mikono unaiacha na lastiki, ule ukingo wa kufuma unaovutika, ndefu ya kukunja, linamfikisha miaka miwili mitatu. Na bei ya nyuzi sahivi mnaijua wenyewe.

Ila huyu mama Weasley nisimpambe kupita kiasi maana kuna mahali mi naye hatuelewani. Ron! Kila mwaka Ron anapewa sweta la rangi ya damu ya mzee, kila mwaka, na kila mwaka Ron analalamika kwamba haipendi ile rangi, na nywele zake ni nyekundu kwaiyo fikiria anavyoonekana. Mtoto wa nje anapata joka lenye habari kamili, mtoto wa ndani anapata rangi asiyoitaka. Kitabu cha nne Ron sweta lake jipya analigawa palepale siku ya Krismasi, anampa Dobby yule kibwengo mtumishi, na Dobby anafurahi kweli. Wale mapacha waliliona hili toka kitabu cha kwanza, walisema mama anajitahidi zaidi kama we si wa familia. Sasa hapo kila mtu ajiangalie, maana sisi wafumaji tunawafumia majirani, wachumba wa watu, watoto wa wachungaji, na mume wako mzulla wake wa mwaka juzi bado upo kwenye mfuko sindano zimechomekwa.

Na kuna Percy. Kitabu cha tano, cha mwaka 2003, Percy kagombana na baba yake kwa habari za kazi ya wizarani, kahama nyumbani, Krismasi inafika sweta lake analirudisha bila hata barua. Mama analia. Mi katika vitabu vyote saba vyenye vifo na vita hiyo sehemu ndo inanikaa kooni, kwasababu yule mama alijua kabisa mtoto amekasirika na bado alikaa akamfumia.

Haya, kofia. Kwenye kitabu hichohicho Hermione, yule binti msomi, anajifunza kufuma ili awakomboe vibwengo watumishi wa shule. Sheria yao ni kwamba kibwengo akipewa nguo na bwana wake anakuwa huru. Kwaiyo anafuma vikofia, tena vibaya, Ron anasema vinafanana na vibofu vya sufu, na anavificha chini ya takataka usiku ili vibwengo wakifanya usafi waviokote bila kujua. Ron akaenda akafunua takataka, akasema angalau waone wanachookota, na mi hapo namuunga mkono Ron asilimia mia. Matokeo yake vibwengo wakatukanika, wakagoma kusafisha lile bweni, usafi wote akabaki kufanya Dobby ambaye tayari yuko huru, na kofia zote akazichukua yeye akazivaa zote kwa pamoja kichwani moja juu ya nyingine. Ukitaka mradi mdogo wa kuchekesha kwa mtu anayejifunza, huo hapo, vikofia vya Dobby, kila kimoja rangi yake, vya mabaki ya nyuzi, unavishona juu kwa juu kinakuwa kimzulla kirefu cha ngazi ngazi. Havihitaji kuwa vizuri. Kwenye hadithi pia havikuwa vizuri. Ila kama unafuma vya kugawa, iwe wodi ya wazazi au kituo cha watoto, uliza kwanza wanataka nini, unaweza kukuta kofia wanazo tele wanataka soksi.

Skafu sasa, naona mnaangalia saa. Kwenye vitabu rangi za bweni la Gryffindor, lile la Harry, ni nyekundu na dhahabu. Kwenye muvi ziko skafu za aina mbili na watu wanazichanganya. Muvi ya kwanza, mavazi alidizaini Judianna Makovsky, skafu ina mapande mapana, pande zima jekundu halafu pande zima la dhahabu. Muvi ya tatu, ya 2004, mavazi akashika Jany Temime na skafu ikabadilika, ikawa nyekundu ndefu halafu mistari miwili myembamba ya dhahabu imekaa jirani, tena nyekundu, tena miwili. Mtu akikuagiza muulize anataka ya muvi ipi kabla hujanunua uzi, maana ya kwanza inakula dhahabu nyingi na ya pili inakula nyekundu. Na Ravenclaw, bweni lingine la shule ileile, kitabuni ni bluu na shaba, kwenye muvi wakaweka rangi ya fedha. Msomaji mkali atakurudishia.

Namna ya kufuma, fanyeni ya mviringo, kama mkono wa sweta usioisha, kwa sindano ya mzunguko fupi au zile tano zenye ncha pande mbili. Inakuwa na tabaka mbili, haijikunji pembeni, na mafundo yote ya kubadilisha rangi yanabaki ndani hakuna anayeyaona. Tatizo ni kwamba ni nzito na inachosha, unafuma mpaka unachukia ile hadithi. Na mkazi wa Dar skafu ya tabaka mbili ataivaa lini jamani, kwenye daladala? Wa joto wafumieni alama ya kuwekea kitabu, uzi mwembamba wa pamba, mistari ileile, vitanzi kumi na kitu tu, jioni moja imeisha. Wa baridi, na hasa watoto wa bweni, mi ningesema waacheni Gryffindor, shule zetu nazo zina mabweni yenye majina na rangi za siku ya michezo, fuma skafu ya rangi za bweni lake mwenyewe uone atakavyotembea.

Wanaume mliokaa kule nyuma, nimewaona, karibuni sana. Mfumaji wa kwanza kabisa tunayemwona na sindano mkononi kwenye ile hadithi ni Hagrid, jitu la watu, kakaa kwenye treni kachukua viti viwili anafuma kitu cha njano kikubwa kama hema la sarakasi, na anaongea na mtoto huku anahesabu vitanzi. Hamna aliyemcheka. Huku kwetu mafundi cherehani wengi ni wanaume na hakuna anayeshangaa, sijui kwanini sindano mbili na uzi ndo ziwe za kina mama.

Mama mmoja kaniuliza kabla sijasimama hapa kama anaweza kuuza. Mistari mekundu na ya dhahabu haina mwenyewe, fuma uza. Majina na zile nembo za mabweni ni mali ya Warner Bros., kampuni ya zile muvi, kwaiyo usiweke nembo kwenye skafu ya biashara na usiandike jina kwenye lebo. Kumfumia mtoto wako nyumbani ni jambo lingine. Na ukiuza weka bei ya mkono wako pia, nyinyi mnahesabu uzi peke yake halafu mnashangaa kwanini biashara haisongi.

Mimi nimemaliza. Nyuzi nyeupe na sindano butu zipo kwenye kikapu cha mwenyekiti, na kuna vipande vya kijani nimefuma vya kujifunzia, anayetaka kuona kitanzi juu ya kitanzi asogee huku mbele karibu na dirisha, wenye miwani mvae miwani.